Sura ya Tano: Ukuta Mmoja, Washambuliaji Sita

Anayeanza kupanga kikosi cha kushambulia katika Pokémon hukimbilia jambo linaloonekana la busara: anakusanya sita wenye nguvu kuliko wote. Mmoja wa Moto, mmoja wa Maji, mmoja wa Umeme, kila mtu na shabaha yake, kwa imani kwamba miongoni mwao hatakosekana wa kumtikisa adui. Kikosi cha namna hiyo hufungwa, tena kwa mtindo uleule kila siku. Wa kwanza anamjeruhi Skarmory, wa pili anamjeruhi Blissey, wa tatu anamjeruhi Swampert. Kila aliyejeruhiwa anarudishwa nyuma, kisha anapata nafasi ya kuingia tena na kujitibu. Mchezo unapofika mwisho, mpinzani ana kikosi kilichochubuka tu, na wewe huna aliyesimama.

Sura hii inatetea wazo moja. Kikosi cha kushambulia kinapangwa kuanzia kwenye ukuta utakaobomolewa, ndipo wanatafutwa wa kuubomoa. Shoka haliangushi mti kwa kuzunguka likichubua gome kila upande. Linarudi palepale lilipopiga mwanzo. Washambuliaji sita wanaorudia sehemu moja ya ulinzi wa adui ni tishio kubwa kuliko washambuliaji sita hodari ambao kila mmoja ana safari yake.

Ili wazo hili lisielee hewani, tutapanga kikosi kizima pamoja, hatua kwa hatua.

Uwanja wetu

Tutacheza kizazi cha nne, kilichofunguliwa na Diamond na Pearl mwaka 2006 kwenye Nintendo DS, kikafuatwa na Platinum mwaka 2008, kisha HeartGold na SoulSilver mwaka 2009. Ni mchezo wa mmoja kwa mmoja: sita kwa sita, wote kiwango cha 100, kila Pokémon akiwa na mashambulizi au mbinu nne. Tutafuata daraja la OU la jumuiya ya Smogon, na asiye na mashine ya zamani anaweza kulicheza leo bila malipo katika Pokémon Showdown, kwenye kivinjari cha kompyuta au simu.

Nimekichagua kizazi hiki kwa sababu tatu, na zote zinagusa mashambulizi moja kwa moja.

Kwanza, ndicho kilicholeta Stealth Rock, mawe yanayotegwa upande wa adui na kumuumiza kila anayeingia. Pokémon wa kawaida hupoteza asilimia 12.5 ya uhai kila anapoingia uwanjani. Mwenye udhaifu dhidi ya Mwamba hupoteza asilimia 25. Mwenye udhaifu maradufu hupoteza nusu nzima. Mpinzani anayejilinda kwa kubadilisha wachezaji kila mara analipa kodi kila anapobadilisha.

Pili, wakati huo wachezaji hawakuonyeshana vikosi kabla ya mchezo kuanza. Utaratibu huo ulikuja na Black na White mwaka 2010. Hapa unamwona adui mmoja tu, aliye mbele yako. Watano waliobaki unawafahamu kadiri wanavyojitokeza. Siri ni silaha, na anayeshambulia ndiye anayefaidika nayo zaidi, maana yeye ndiye anayeuliza maswali.

Tatu, aina za Pokémon zilikuwa 17. Aina ya Fairy haikuwapo hadi mwaka 2013. Kwa hiyo mashambulizi ya Joka yalikuwa na mpinzani mmoja tu katika jedwali lote la aina: Chuma. Kwa wengine wote, pigo la Joka liliingia lote au maradufu. Shika jambo hilo, kwa sababu kikosi chetu chote kitasimama juu yake.

Anza na mmaliziaji

Swali la kwanza ni hili: nani atamaliza mchezo, na nani anamzuia asimalize?

Mmaliziaji wetu ni Dragonite. Ana Dragon Dance, mbinu inayozidisha nguvu yake ya mwili na kasi yake kwa moja na nusu kwa wakati mmoja. Ana Outrage, pigo la Joka lenye nguvu ya 120, na kwa kuwa naye ni Joka, pigo hilo huongezwa nusu nyingine. Garchomp na Salamence, majoka makali kuliko yeye, walipelekwa daraja la Uber kwa sababu OU ilishindwa kuwabeba. Dragonite alibaki, na kazi yao anaiweza.

Sasa mtazame adui kwa macho ya Dragonite. Nani anamsimamisha? Skarmory, ndege wa Chuma mwenye ulinzi wa msingi wa 140, anayepokea Outrage kisha kumpeperusha nje kwa Whirlwind, na nguvu zote zilizokusanywa kupotea. Scizor, Forretress, Bronzong, Jirachi, Metagross, Heatran. Wote ni Chuma. Huo ndio ukuta wetu, na tumeupata kabla ya kumtafuta mchezaji wa pili.

Faida ya kuanza hivi ni kwamba kila uamuzi unaofuata unakuwa na kipimo. Hatuulizi tena kama Pokémon fulani ni mzuri. Tunauliza anaufanya nini ukuta wa Chuma.

Mvunja ukuta

Magnezone ni Umeme na Chuma, na kipaji chake, Magnet Pull, kinamzuia Pokémon yeyote wa Chuma kurudi nyuma. Mwingize mbele ya Skarmory na mchezo unabadilika hapo hapo. Thunderbolt inaingia maradufu, na Skarmory hana pa kukimbilia. Amebakiwa na njia mbili: kumpeperusha Magnezone kwa Whirlwind, ambayo hufanya kazi mwishoni mwa zamu baada ya yeye kupigwa, au kubeba Shed Shell, kifaa kinachomfungulia mlango. Kwa Scizor na Forretress, Magnezone anabeba Hidden Power ya Moto, inayoingia mara nne.

Usimwamini kupita kiasi, hata hivyo. Scizor mwenye U-turn anaponyoka mtego, na mwenye Superpower anaweza kumuua aliyekuja kumnasa. Heatran anacheka Moto na anajibu kwa Earth Power, inayomuumiza Magnezone mara nne. Kwa hiyo Magnezone huingizwa kwa wakati wake: Scizor aliyebeba Choice Band, kifaa kinachomfunga kwenye shambulio moja, anapokuwa amefungiwa Bullet Punch, au baada ya mwenzako kuanguka, maana hapo anayeingia hapigwi njiani.

Je, wale ambao Magnezone hawawezi? Hapo Dragonite anajisaidia. Earthquake inampata Heatran mara nne, na Jirachi na Metagross mara mbili. Hivi ndivyo mashambulizi manne ya mchezaji mmoja yanavyochaguliwa: yanajaza pengo lililoachwa na mwenzake. Kama hakuna Magnezone, Dragonite angehitaji Fire Punch kwa ajili ya Skarmory na Scizor. Kwa kuwa yupo, nafasi hiyo inapewa Extreme Speed, pigo linalotangulia hata mbele ya wenye kasi kubwa, ambalo Dragonite alilipata katika HeartGold na SoulSilver.

Joka la pili

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Baada ya kuweka Joka mmoja, akili inadai mchanganyiko: weka kitu tofauti. Sisi tutaweka Joka mwingine, Kingdra, naye pia ana Dragon Dance na Outrage.

Dragonite na Kingdra wanazuiwa na ukuta uleule, lakini hawauawi na silaha ileile. Dragonite ni Joka na Ndege. Barafu inampata mara nne, na Ice Shard ya Mamoswine au Weavile inammaliza hata akiwa ameshacheza ngoma yake. Stealth Rock nayo inamla robo ya uhai kila anapoingia. Kingdra ni Joka na Maji. Barafu kwake ni ya kawaida, mawe yanamgharimu asilimia 12.5 tu, na katika kizazi hiki udhaifu wake ni mmoja, Joka mwenzake.

Kwa hiyo mpinzani anayetumia Skarmory kumzuia Kingdra anamchosha Skarmory kwa faida ya Dragonite. Akimtoa mhanga Heatran ili kuikatisha ngoma ya kwanza, hatakuwa naye ngoma ya pili itakapopigwa. Na silaha aliyoitunza kwa ajili ya mmoja haimfai kwa mwingine. Ukipanga wawili wanaozuiwa na watu walewale na kuuawa na watu tofauti, umempa mpinzani kazi mbili na mikono ya kazi moja.

Mfunguzi

Kwa kuwa adui haonekani, anayefungua mchezo ni lazima awe na kazi yenye manufaa mbele ya yeyote. Azelf anafaa. Kasi yake ya msingi ni 115. Anabeba Focus Sash, inayomwacha na tone la uhai baada ya pigo ambalo lingemuua akiwa mzima. Ana Taunt ya kumnyima mpinzani nafasi ya kutega mawe yake, ana Stealth Rock ya kutega yetu, na ana Explosion.

Explosion ya kizazi cha nne inastahili heshima yake. Nguvu yake ni 250, na wakati wa kuhesabu madhara, ulinzi wa anayepigwa hukatwa nusu. Azelf anakufa, lakini mara nyingi haondoki peke yake. Kuna zawadi nyingine ambayo haionekani kwenye hesabu ya madhara: anayefuata anaingia uwanjani bila kupigwa. Kwa kikosi ambacho wachezaji wake hawana miili ya kuvumilia makofi, kuingia salama ni mali kubwa kuliko uhai wa Pokémon aliyekwisha kufanya kazi yake.

Mawe yenyewe yanaufaa moyo wa mashambulizi kwa sababu ya bahati. Kila pigo katika Pokémon huzidishwa na namba ya bahati kati ya asilimia 85 na 100. Pigo linaloweza kuondoa kati ya asilimia 88 na 104 ya uhai wa adui litamuua siku moja na kumwacha hai siku nyingine. Ukiongeza asilimia 12.5 za mawe, pigo hilohilo linaua kila siku. Mawe yanageuza kamari kuwa hesabu.

Wawili wa mwisho

Nafasi mbili zimebaki. Mawe yakitegwa, mpinzani atataka kuyafagia kwa Rapid Spin, na Starmie ndiye mfagiaji wa kuogopwa. Gengar anamzuia: ni Mzuka, na Rapid Spin ni pigo la aina ya Kawaida lisilomgusa Mzuka. Kwa Levitate haguswi na Ardhi, na kwa Uzuka wake haguswi na Mapigano wala Explosion. Kinga tatu ni milango mitatu ya kuingilia bila jeraha. Shadow Ball yake inampata Starmie maradufu.

Gengar anaalika Blissey, ngome kubwa ya mashambulizi maalumu, na huo ni mwaliko tunaoutaka. Wa sita wetu ni Lucario, ambaye kwake Blissey ni nafasi ya kupumua. Swords Dance inazidisha nguvu yake mara mbili: akiwa amefunzwa kikamilifu, na akiwa na tabia ya Adamant, nguvu ya 350 inakuwa 700. Close Combat yake inampata Blissey maradufu na Tyranitar mara nne. Heatran, anayemsumbua Magnezone, anaipata maradufu. Hata Skarmory anaipokea yote bila punguzo. Lucario anarudi palepale, kwenye ukuta uleule wa Chuma, kwa njia yake.

Tazama pia anavyomlinda Gengar. Tyranitar hupenda kumwinda Gengar kwa Pursuit, inayompata anayekimbia. Mchezaji anayemtumia Tyranitar mwenye Choice Band hufungiwa Pursuit baada ya mauaji hayo. Lucario, ambaye katika kizazi hiki Giza linamgusa kwa robo tu, anaingia na kucheza Swords Dance yake. Kifo cha Gengar kimenunua mchezo.

Hesabu ya kasi

Kila Pokémon ana pointi 510 za mafunzo za kugawa, na katika kipengele kimoja zenye faida ni 252 tu. Mshambuliaji kwa kawaida hujaza vipengele viwili, kasi na nguvu. Swali gumu ni tabia: Jolly inaongeza kasi kwa asilimia 10, Adamant inaongeza nguvu ya mwili kwa kiasi hichohicho. Usichague kwa mazoea. Chukua kalamu.

Dragonite ana kasi ya msingi ya 80. Akijazwa, bila tabia ya kasi, anafika 259. Baada ya Dragon Dance moja, 388. Starmie na Azelf, wakiwa na kasi ya juu kabisa, wana 361. Dragonite anawapita. Jolteon na Aerodactyl wana 394. Hapo anaachwa kwa pointi sita.

Kingdra ana kasi ya msingi ya 85, tano tu zaidi. Akijazwa anafika 269. Baada ya Dragon Dance, 403. Anawapita Jolteon na Aerodactyl akiwa bado na tabia ya Adamant. Tofauti ya pointi tano kwenye karatasi imemruhusu Kingdra kuweka nguvu zake zote kwenye pigo na bado kumtangulia Jolteon.

Wote wawili, hata hivyo, wanapitwa na Flygon au Jirachi mwenye kasi ya juu na Choice Scarf, anayefika 492. Hakuna tabia itakayoziba pengo hilo, kwa hiyo jibu lake linatoka kwa mwenzao. Choice Scarf humfunga mbebaji kwenye shambulio moja. Jirachi aliyejifunga na Iron Head amejikabidhi kwa Magnezone, ambaye pigo hilo linamgusa kwa robo na ambaye hatamwachia aondoke.

Zamu baada ya zamu

Sasa tukitazame kikosi kikifanya kazi. Tuseme adui anafungua na Swampert. Zamu ya kwanza Azelf anatumia Taunt, na mawe ya Swampert yanakataliwa. Zamu ya pili Azelf anatega yake na kubaki na tone la uhai. Zamu ya tatu, Explosion. Swampert kwa kawaida anakwenda naye.

Tunamwingiza Gengar, na adui anajibu kwa Blissey. Hatubishani na Blissey. Tunamwingiza Lucario anapokuwa anaingia. Adui anaogopa Close Combat na kumleta Skarmory, ambaye ameshalipa kodi ya mawe. Sisi tumeshamwona anakuja, na Magnezone ndiye anayemkuta uwanjani. Nguzo ya kwanza ya ukuta inaanguka hapo.

Heatran anaingia kulipiza kisasi kwa Magnezone, naye anafanikiwa. Kingdra anaingia bure, na Moto wa Heatran unamgusa kwa robo. Heatran anapokimbia, Kingdra anacheza. Outrage inaangusha mmoja, inaangusha wa pili, kisha anaingia Flygon mwenye Choice Scarf na kumuua Kingdra kwa Outrage yake mwenyewe. Mpinzani anahisi amepona. Lakini Flygon amefungiwa Outrage, na Lucario, ambaye ni Chuma, anaingia na kuchukua zamu ya Swords Dance. Extreme Speed, ambayo Lucario naye anayo, inatangulia hata mbele ya Scarf. Dragonite bado yuko nyuma, mzima, hajaonyesha uso.

Hesabu waliokufa upande wetu: Azelf, Magnezone, Kingdra. Kila mmoja alilipwa kabla ya kuondoka. Mchezaji asiyejua kushambulia anaona nusu ya kikosi imeteketea. Anayejua anaona mpinzani asiye na Skarmory, asiye na Swampert, na aliyebakiwa na maswali asiyoweza kuyajibu yote.

Kukikagua kikosi

Kabla ya kuingia vitani, andika sentensi tatu kwa kila Pokémon uliyemchagua. Anamfungulia nani mlango? Nani anamfungulia yeye? Anaruhusiwa kufa baada ya kufanya nini? Kwa Magnezone majibu yanakuja yenyewe: anawafungulia majoka wawili, anafunguliwa na Azelf au na adui aliyejifunga, na anaweza kufa Skarmory akishaondoka. Pokémon ambaye majibu yake yanasitasita ni mgeni kikosini, hata awe na nguvu kiasi gani.

Kisha cheza, na kila unaposhindwa itafute zamu uliyopoteza mchezo, ambayo mara nyingi huja mapema kuliko zamu ya mwisho. Angalia nani alikufa bila kulipwa. Kama Dragonite anaanguka kwa Ice Shard kila mara, huenda unamwingiza kabla ya Kingdra kumtoa Mamoswine mafichoni, na dawa ni kubadilisha mpangilio, si mchezaji. Kama Gengar anauawa na Pursuit huku Lucario akiwa ameshakufa, umewatumia kinyumenyume. Badilisha jambo moja, kisha cheza tena michezo ya kutosha kabla ya kugusa jingine. Ukibadilisha matatu kwa pamoja hutajua lililokuponya.

Kushambulia kunasifiwa kama ujasiri na kulaumiwa kama pupa, na vyote viwili vinakosea. Kikosi hiki hakimpi mchezaji ruhusa ya kutofikiri. Kinamtaka ajue, kabla ya zamu ya kwanza, ukuta uko wapi, nani ataugusa kwanza, na nani atapita mwishoni, halafu awe tayari kuwapoteza wengine wote kwa ajili ya huyo mmoja. Chagua mmaliziaji wako leo, andika majina ya wote wanaomzuia, na usimwite mchezaji wa pili hadi orodha hiyo iwe imekamilika mbele yako.